Kutoka Kuanguka Hadi Kuongoza: Kwa Watu wa Stanti wa Nairobi Wanaotaka Kutengeneza Filamu za Mapigano na Vichekesho

Ukiwa mtu wa stanti, yaani yule anayefanya matendo ya hatari badala ya mwigizaji, tayari unajua jambo ambalo waongozaji wengi hulikisia tu: mwili huchukua muda gani kutoka ukutani hadi chini. Mimi nililelewa na sarakasi, mazoezi yangu yalikuwa Ngara, kwenye Sarakasi Dome, ule ukumbi uliokuwa sinema ya Shan. Baadaye nikawa naanguka ngazini na kwenye boda boda badala ya waigizaji wenye majina. Sasa naongoza filamu fupi, na vijana wengi huniuliza waanzie wapi.

Njia yenyewe ilishafunguliwa. Hal Needham alikuwa mtu wa stanti Marekani kabla ya kuongoza Smokey and the Bandit mwaka 1977. David Leitch alikuwa dabo, yaani mbadala wa stanti, wa mwigizaji Brad Pitt, akaja kuongoza Deadpool 2 na, mwaka 2024, The Fall Guy, ambayo shujaa wake ni mtu wa stanti. Na hapa jirani, Wakaliga, Kampala, mwongozaji Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 akiwa na watu wa mtaani kwake. Itazame kabla hujasema huna vifaa.

Anza na sababu, mateke yatafuata. Kuanguka peke yake hakuchekeshi. Mtazamaji huogopa tu. Hucheka akijua mtu anataka nini na anazuiwa vipi. Mfano ninaowapa wanafunzi wangu: kijana anaenda kwa wakwe, amevaa suti safi ya Gikomba, mkononi ana trei ya mayai thelathini. Wanaume watatu wanaomdai wanamkuta njiani. Lazima apigane bila kuvunja yai. Sasa kila ngumi ina swali ndani yake, na kila anapoinama ili kuokoa trei, kichekesho kinajiandika. Tengeneza hicho kwanza, dakika tatu tu, kwenye uwanja mmoja uliofungwa. Usianze na filamu ya saa nzima.

Kisha irekodi kwa simu kabla ya kukodisha kamera yoyote. Panga maboksi matupu, weka godoro juu, funika na turubai, mwite rafiki, fanyeni pambano zima polepole. Hariri usiku huohuo. Hapo ndipo utaona teke lipi halionekani kwa pembe hiyo, na uhamishe kamera badala ya kumchosha mtu kwa kurudia.

Weka kamera mbali kiasi cha kuona mwili mzima, kichwa hadi viatu, na usikate katikati ya tendo. Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu za kimya wa Marekani, mwaka 1928, katika Steamboat Bill, Jr., aliangukiwa na ukuta mzima wa nyumba, akapita katikati ya dirisha lililo wazi. Kamera imetulia, kila kitu kiko ndani ya fremu, ndiyo maana tunaamini hadi leo. Na mtu akishaanguka, usiondoke haraka. Subiri uso wake. Subiri uso wa mama mboga aliyeona. Kicheko kiko pale, na waongozaji wenye haraka hukitupa kila siku.

Jambo dogo la kiufundi: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ukirekodi ndani chini ya taa za kawaida, weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa mwanga kuingia kwa kila fremu, 1/50 ya sekunde, la sivyo picha inaweza kumetameta. Nje, epuka saa sita mchana. Jua liko utosini na macho ya waigizaji hugeuka mashimo meusi. Katika vichekesho, macho ndiyo kila kitu.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Ukishakuwa mwongozaji, usiwe tena mratibu wa stanti, yaani msimamizi wa usalama wa matendo hayo. Mwongozaji anataka shoti; jioni, mwanga unapokwisha, anaitaka zaidi. Lazima awepo mtu mwingine mwenye haki ya kusema "hapana", na akisema, seti nzima isimame, wewe ukiwa wa kwanza. Wewe kujua kuanguka hakukupi ruhusa ya kumwangusha mwenzako.

Mtaani pana hatari yake. Nairobi mtu akikimbia na mfuko huku mwingine anamfuata akipiga kelele "mwizi!", umma hauulizi maswali, na mwigizaji wako anaweza kuuawa. Neno hilo lisitamkwe kabisa barabarani. Lirekodi sauti yake baadaye chumbani, uliongeze kwenye filamu. Rekodi mbio za River Road au Kirinyaga Road Jumapili alfajiri, maduka yakiwa yamefungwa. Weka watu wenye jaketi za kung'aa mbele na nyuma ya wakimbiaji. Zungumza na makanga wa stage, wachuuzi na walinzi siku moja kabla, kisha tena asubuhi hiyo, kwa sababu zamu hubadilika. Mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu ajue saa na mahali. Bunduki za bandia zibaki ndani ya ua uliofungwa, hata kama ni za plastiki. Leseni ya kurekodi ni lazima kisheria, na ukirusha droni kuna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Bajeti yako iandike ukianzia na watu wa stanti: malipo ya siku, nyongeza kwa kila mara unapomwomba mtu aanguke tena, bima, na gari la kwenda hospitali lililoegeshwa hapo huku dereva yuko ndani. Kinachobaki ndicho cha kamera.