Kabla ya Kumwaga Dawa Tangini: Tumbawe Likiugua Ukiwa Arusha au Moshi

Simu iliingia saa tatu usiku kutoka Moshi. "Kaka, tumbawe limefumba tangu juzi. Nimebadilisha maji nusu tangi, nimeweka na dawa, bado tu. Niongeze nini?" Nikamwambia asiongeze kitu. "Umepima?" Akanyamaza kidogo. "Kupima nini, kaka?"

Sisi tunaofuga viumbe wa bahari kwenye matangi ya kioo huku mlimani wengi wetu tuko hivyo: dawa imejaa kabatini, kipimo hakuna. Tumbawe haliugui kwa kukosa dawa. Mara nyingi linaugua kwa sababu kitu fulani majini kimepanda au kimeshuka, na kila unachomwaga bila kupima kinaongeza fumbo la pili juu ya la kwanza.

Kwa hiyo anza na kipimo cha chumvi, tena kabla hujanunua hata samaki mmoja. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji, na kwenye haidromita, kifaa kinacholinganisha uzito wa maji yako na maji matupu, hiyo inasomeka karibu 1.026. Haidromita ya plastiki yenye mshale hudanganya ikishikwa na kiputo kimoja cha hewa. Rifraktomita, inayosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, ni bora, lakini nayo irekebishwe kwa maji ya kipimo yenye chumvi 35, si kwa maji matupu. Yangu niliirekebisha kwa maji matupu miezi kadhaa, ikawa inaniambia 1.026 wakati ukweli ulikuwa 1.029. Nilikuwa namsuta muuza duka bure.

Ukishakuwa nayo hiyo, tafuta vipimo vya alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili tindikali, husomwa kwa digrii za dKH), amonia, nitrati na fosfeti. Kalsiamu na magnesiamu vinaweza kusubiri kidogo. Amonia iwe sifuri, hapo hakuna mjadala. Nitrati ya miligramu 5 au hata 10 kwa lita haiui, na fosfeti ikiwa chini ya 0.1 usipoteze usingizi. Linalotesa matumbawe kuliko yote ni alkaliniti inayoyumba. Tangi likae kwenye digrii 8 au likae kwenye 9, tumbawe litazoea, ila leo 7 na kesho 10, nyama itaanza kubanduka kwenye mfupa. Usivuke digrii moja kwa siku, hata ukiwa na haraka.

Ya kuipandisha iko jikoni: gramu 3 hivi za bekingi soda hupandisha lita 100 kwa digrii moja. Angalia vizuri kopo lenyewe. Bekingi pauda si bekingi soda. Ile ya keki ina tindikali, na nyingine zina fosfeti. Na tafadhali, usije ukachukua magadi ya kulainishia maharage. Magadi ya ukanda wetu huja na floraidi nyingi, na hiyo tunayo ya kutosha bombani.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, maana mtu wa Dar au Tanga hana shida hii kwa kiasi chetu. Maji yanayoshuka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi, na meno ya kahawia ya watoto waliokulia huku ndiyo ushahidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Arusha vinapita hapo mbali. Maji ya bahari yenyewe yana miligramu 1.3 hivi. Ukichanganya chumvi kwenye maji ya bomba, umeanza safari na mzigo mgongoni. Wala floraidi haiko peke yake: maji hayohayo hubeba bikaboneti na silika, na silika ndiyo chakula cha ule utando wa kahawia unaoufuta kwenye kioo kila Jumapili.

Kuchemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, tena imekolea zaidi. Kuacha maji kwenye ndoo usiku kucha kunaondoa klorini, basi. Kuna anayesema atumie mkaa wa mifupa, ule unaonasa floraidi, uliofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto ili watu wapate maji salama ya kunywa. Kwa binadamu ni jambo jema sana. Kwa tangi la matumbawe, kumbuka mfupa ni kalsiamu na fosfeti, na hiyo fosfeti ndiyo unayohangaika kuitoa. Dawa ya kweli ni mashine ya RO, inayosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia madini, yenye kichujio cha mwisho cha kuondoa madini yaliyobaki, pamoja na kalamu ya TDS, inayopima madini yaliyoyeyuka majini, ya kuikagua. Maji yakitoka yakisoma 0, changanya chumvi. Yakisoma 8, badilisha kichujio kwanza. Kama mashine huna, ni nafuu kununua maji yaliyochujwa kwa wanaouza, lakini nenda na kalamu yako, usome palepale mbele ya muuzaji. Atakushangaa, mwache ashangae.

Wapo wanaoagiza madumu ya maji ya bahari kutoka Tanga. Sikatai, ila msimu wa masika maji ya karibu na mito huwa yamepungua chumvi na kujaa tope. Kinachochekesha ni kwamba sehemu ya maji hayo ni yetu wenyewe: yanatoka Meru na Kilimanjaro, yanapita Nyumba ya Mungu, yanashuka na mto Pangani hadi baharini, halafu tunayalipia nauli yarudi.

Jingine la huku ni baridi na umeme. Julai Arusha usiku unashuka mpaka nyuzi 12 au 13, na tumbawe linataka 24 hadi 27. Hita moja kubwa ikigoma imekwisha. Weka mbili ndogo. Kuwa na pampu ya hewa ya betri, maana umeme wa LUKU huisha saa nane usiku mkiwa mmelala. Arusha iko juu, mita 1,400, hewa ni nyepesi, hivyo maji hushika oksijeni pungufu kuliko pwani kwa kama asilimia 15. Pampu zikizimika, muda wako ni mfupi. Na nyumba iliyofungwa madirisha kwa baridi, yenye watu wengi ndani, hujaa hewa ya ukaa wanayoitoa, nayo hushusha pH, yaani maji yanaelekea kuwa na tindikali. Ukiona 7.8 asubuhi, fungua dirisha kabla hujafungua chupa. Jiko la mkaa ndani ya nyumba usiwashe kabisa, kwa ajili yako kwanza.

Dawa ya mbu ya kupuliza sina maneno mengi: isipulizwe chumba chenye tangi. Na dawa za samaki zenye shaba zisiingie kamwe kwenye maji ya matumbawe.

Kabla ya yote hayo, washa tochi uangalie mgonjwa mwenyewe. Tumbawe lililopauka bado lina nyama: utaiona kama karatasi laini inayong'aa juu ya mfupa mweupe, na usiku linatoa minyiri. Limepoteza mwani wadogo wanaoishi ndani yake, mara nyingi kwa joto au mwanga mkali, na linaweza kurudi. Ukiona mfupa mtupu, nyama imebanduka kuanzia chini, kimbilia kipimo cha alkaliniti. Ukiona uteute wa kahawia kama kamasi, unaonuka, usipime kitu, mtoe huyo tangini sasa hivi kabla hajaambukiza jirani.

Rafiki yangu wa Moshi alinitumia maji yake kwenye chupa ya soda, kwa basi la asubuhi. Chumvi ilikuwa 39. Februari Moshi ni tanuru, maji yanapungua kila siku, naye kila jioni alikuwa anajazia kwa maji ya chumvi, akidhani kilichopotea ndicho anachorudisha. Kumbe yanayopaa ni maji, chumvi haiendi popote. Tukamshusha taratibu kwa maji ya RO, kila siku kidogo, siku tano. Siku ya sita akanitumia picha: minyiri imetoka upande mmoja tu, ule unaoelekea pampu. Chini yake ameandika, "Kaka, niongeze nini sasa?"