SOMO: Kumzoeza mtoto kituo cha malezi bila kumtoroka asubuhi

Habari zenu wazazi na walezi. Kila shule zinapofunguliwa napata ujumbe uleule: "Dada, mtoto analia nikimwacha kituoni, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja. Anayeuliza mumlete hapa.

Mimi ni mlezi wa chumba cha watoto wadogo, miezi mitatu hadi miaka miwili, kwenye kituo cha kulelea watoto mchana hapa Dar. Nitakayosema yanahusu umri huo. Watoto wa chekechea wana mambo yao.

Hatua ya 1. Hakikisha kituo kimesajiliwa. Omba kuona cheti, usione aibu.

Hatua ya 2. Kabla ya kulipa, pita bila taarifa saa ya watoto kulala mchana. Angalia wamelazwaje na nani yuko nao chumbani.

Hatua ya 3. Anza kabla likizo ya uzazi haijaisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, na siku 100 akijifungua mapacha, na anaruhusiwa kuianza likizo hata wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Kwa hiyo wengi wanarudi kazini mtoto ana miezi miwili au mitatu. Wiki mbili za mwisho zitenge kwa kazi hii tu. Ukimleta Jumatatu na wewe unaripoti kazini Jumatatu hiyohiyo, umemwonea mtoto, na wewe mwenyewe utashinda ofisini unalia.

Hatua ya 4. Uliza: mlezi wa mwanangu ni nani? Ukijibiwa "sote tunawaangalia wote", endelea kuuliza mpaka upewe jina. Mtoto mchanga anahitaji mtu mmoja anayemlisha, anayembadilisha nepi na anayemlaza siku nyingi za wiki, na wa pili wa kumshikia siku huyo asipokuwepo. Mlezi mmoja anajifunza vitu ambavyo haviandikwi kwenye daftari. Kuna mtoto hasinzii mpaka asuguliwe kisogo. Kuna mwingine hanywi mpaka ashike sikio la anayemlisha, ukimtoa mkono anageuza uso na maziwa yote yanaishia shingoni. Akishikwa na mtu tofauti kila siku, kila siku anaanza upya kueleza anachotaka, na lugha aliyonayo ni kilio tu.

Hatua ya 5. Kaeni pamoja kwanza. Siku ya kwanza na ya pili, mzazi na mtoto mnakaa chumbani kama saa moja, mnarudi nyumbani pamoja. Siku ya tatu mlezi ndiye anamlisha na kumbadilisha, wewe upo pembeni anakuona. Siku ya nne unamuaga, unatoka dakika 15 au 20, unarudi. Halafu unaongeza: saa moja, nusu siku, mpaka siku nzima. Siku ikiharibika, kesho yake rudia kiwango cha jana. Watoto wengine wanamaliza kwa wiki moja, wengine wanahitaji zaidi, hasa walioanza kutambaa au kusimama dede.

Hatua ya 6. Kuaga. Hapa ndipo panapoharibika kuliko pote, na sisi walezi tumechangia, maana vituo vingi tulizoea kumwambia mama "pita mlango wa nyuma, tutamchezesha". Kweli, ukitoroka mtoto anaendelea kucheza dakika tano. Halafu anainua kichwa, anakutafuta, hakuoni. Kilio kinachofuata si cha kuachwa, ni cha hofu, na hofu hiyo inakwenda naye nyumbani. Usiku atakushika nguo, hatakubali uende hata msalani, na kesho yake ataanza kulia mkikunja kona ya kituo, kwa sababu ameshajifunza kwamba akicheza, mama anapotea. Mtoto huyo hawezi kucheza tena kwa amani, maana anakulinda usiondoke.

Fanya hivi. Mkabidhi mkononi mwa mlezi wake, usimwache chini. Mwangalie usoni. Mwambie maneno yaleyale kila siku, mafupi: "Mama anaenda kazini, nitakuja baada ya uji wa jioni." Mbusu, mpungie mkono, ondoka. Yote hayo hayafiki dakika mbili. Usiseme "narudi sasa hivi" kama unarudi saa kumi na moja.

Tahadhari, na hizi zisomeni mara mbili:
– Usirudi mlangoni ukisikia analia. Ukirudi mara moja, kesho atalia mara mbili zaidi, kwa sababu kilio kimekuleta.
– Usikae nje ya dirisha ukichungulia. Anakuona.
– Usimwambie "ukilia sirudi". Kauli hiyo mtoto anaiamini.
– Ukiona utalia na wewe, mwombe baba, bibi au dada wa nyumbani amlete. Watoto wanasoma nyuso zetu.
– Piga simu baada ya nusu saa kuuliza hali. Mlezi mwenye adabu hatachukia.

Hatua ya 7. Mletee kanga uliyoivaa usiku, haijafuliwa. Mlezi anaiweka begani anapombembeleza. Isiachwe kwenye kitanda cha mtoto mchanga aliyelala. Mtoto alale chali, godoro gumu, bila mto, bila blanketi.

Hatua ya 8. Maziwa ya mama. Yaandike jina, tarehe na saa ya kukamua. Nje ya friji maziwa mabichi hukaa kwa muda usiozidi saa 4 kama joto la chumba halizidi nyuzi 25, na hapa kwetu Januari na Februari chumba kinavuka hapo asubuhi mapema, kwa hiyo ukimaliza kukamua tia kwenye kibebeo chenye vipande vya barafu. Humo yanakaa hadi saa 24, kwenye friji hadi siku 4. Kuyapasha, weka chombo ndani ya maji ya moto, usiyachemshe.

Hatua ya 9. Jioni fika kwa wakati. Akikuona akaangua kilio usiogope, alikuwa ameshikilia moyo siku nzima na sasa yuko kwa mwenyewe. Mbebe kwanza, maswali kwa mlezi baadaye.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

Mama Kulwa: Asante dada. Mwanangu analia sana nikimwacha, ana mwaka na miezi miwili, nifanyeje?

Mleta somo: Hatua ya 5 na ya 6.

Mama Kulwa: Nimezisoma, ila sina muda wa wiki mbili.

Mleta somo: Basi siku tatu, na kuaga usiruke hata siku moja. Nani anampeleka asubuhi? Anatokaje pale mlangoni?

Mama Kulwa: Dada wa kazi, anamwekea katuni kwenye simu halafu anaondoka.

Mleta somo: Hapo ndipo tatizo lilipo. Anza kesho kumuaga.

Mzee wa Temeke: Sisi tulilelewa na kina bibi, mama kaenda shamba, hakuna aliyetuaga. Mnawadekeza watoto.

Mleta somo: Mzee wangu shikamoo. Bibi alikuwa bibi yuleyule kila siku, nyumba ileile, harufu ileile, na ulimjua tangu umezaliwa. Hiyo ndiyo hatua ya 4 yenyewe. Leo mtoto wa miezi mitatu anapelekwa kwa mtu asiyemjua, chumba cha watoto kumi. Kumwitikia mtoto anapolia si kumdekeza. Serikali yenyewe ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto Desemba 2021, na malezi yenye mwitikio yamo pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Sijayatunga mimi.

Mzee wa Temeke: Marahaba. Hilo la bibi yuleyule nimekuelewa.

Neema_K: Swali langu: wa kwangu nilimwanzisha ana miezi minne, hakujali kabisa, anacheka na kila mtu. Sasa ana miezi tisa ndiyo anaanza kulia asubuhi. Walezi ni walewale. Kuna kitu wamemfanya?

Mleta somo: Swali zuri sana Neema, na wazazi wengi wanafika hapa wakaanza kuwashuku walezi. Kuwa macho ni sawa, muulize mlezi wake, mkague mwili unapomwogesha. Lakini umri huo jambo hili ni la kawaida. Kati ya miezi sita na minane mtoto anaanza kuelewa kwamba kitu kipo hata kama hakionekani. Miezi minne ukitoka, umetoka na akilini mwake. Miezi tisa ukitoka, anajua upo mahali fulani na hawezi kukufikia. Uchungu huo hupanda zaidi kati ya miezi kumi na mwaka mmoja na nusu, halafu unashuka.

Na ujue kwamba utafiti mmoja mkubwa wa jambo hili ulifanyika kwa jirani zetu. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alikuwa Uganda mwaka 1954 na 1955, akitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, akikaa sebuleni na mama, mkalimani na mtoto. Aliona watoto wa Kiganda wanamtumia mama kama kituo cha kuanzia: wanatambaa kwenda kukagua kitu, wanageuka kumwangalia, wanarudi, wanaenda tena. Na mama aliyemjua mtoto wake kwa undani, mwenye kueleza tabia zake moja moja, mtoto wake ndiye aliyekuwa ametulia zaidi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967. Kwa hiyo wako analia kwa sababu amekufahamu. Cheza naye kujificha nyuma ya kanga na kutokea, mara nyingi kwa siku. Anajifunza kwamba anayeondoka anarudi.

Neema_K: Umenitoa mzigo. Nitamwonyesha mume wangu.

Baba Ilham: Mimi ndiye nampeleka, mke wangu anatoka alfajiri kuwahi basi. Hiyo kanga ya mama na mimi natakiwa nije nayo?

Mleta somo: Ndiyo, na shati lako pia linafaa. Hongera, baba. Watoto wanaoletwa na baba zao wengi huachana vizuri, maana baba haagi mara tano. Maneno ya kuaga mpatane nyumbani yawe yaleyale.

Sauda wa Tanga: Maziwa yaliyobaki kwenye kikombe tunaweza kuyarudisha friji?

Mleta somo: Hapana. Mtoto akishayagusa kwa mdomo yatumike ndani ya saa 2, yakizidi mwaga. Najua inauma, maziwa ya kukamua ni jasho. Leta kidogokidogo, vyombo viwili vitatu vya ujazo mdogo badala ya kimoja kikubwa.

Nesi Mstaafu: Niongeze hapo. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, ni rahisi kukisafisha. Mketishe mtoto, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, aramb­e mwenyewe, usimmiminie. Na mama wanaonyonyesha: sheria hiyohiyo ya kazi inakupa hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Wengi hawaziombi.

Mleta somo: Asante sana nesi. Kina mama, someni hapo.

King_Ubungo: Wa miezi mitatu, Dar joto hili, mnampa maji?

Mleta somo: Hapana. Chini ya miezi sita ni maziwa tu. Joto likizidi anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

King_Ubungo: Hata ya kijiko?

Mleta somo: Hata ya kijiko.

Mama wa Kibamba: Wa kwangu siku hizi akirudi kituoni amelegea, analala mpaka saa tatu usiku, nikimwamsha haamki vizuri. Ana miezi minane. Kuna mama ameniambia kuna vituo wanawapa piritoni ili walale. Ni kweli?

Mleta somo: Mpeleke hospitali kesho asubuhi, usisubiri, na ukiona leo anapumua kwa shida au haamki, nenda usiku huu. Mweleze daktari ulichoshuku. Ndiyo, vituo hivyo vipo, na wanaofanya hivyo wanajua wanachofanya. Dawa ya kusinzisha kwa mtoto chini ya mwaka bila daktari inaweza kudhoofisha pumzi yake akiwa usingizini. Usimrudishe pale mpaka upate jibu, na ukithibitisha, ripoti kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Wazazi wote: hii ndiyo sababu nimesema mpite bila taarifa saa ya kulala. Chumba kizima kikilala kwa saa tatu nne kila siku, wa miezi sita hadi wa miaka miwili, ulizeni.

Mama wa Kibamba: Amepumua vizuri, ameamka kunyonya. Asubuhi naenda. Asante.

Mleta somo: Turudishie jibu tafadhali. Niandikie hata usiku.

Mwl. Zuhura: Dada, tumetoka kwenye kuaga ila naomba. Baada ya mzazi kuondoka mnawapa nini hawa wa miezi saba, nane? Kituo chetu hakina fedha ya kununua midoli.

Mleta somo: Mwalimu, usinunue. Elinor Goldschmied wa Uingereza alieneza mtindo wa kikapu cha vitu vya nyumbani, na kwetu ni rahisi kuliko kwake. Chukua ungo au kikapu kipana kifupi, tia mwiko mdogo, kijiko cha bati, kifuu kilichosuguliwa kikalainika, kipande cha mkeka, kikombe cha bati, kitambaa cha kitenge, limau zima. Mtoto anayeweza kuketi mweke mbele yake, wewe kaa karibu unyamaze. Atachagua mwenyewe, atalamba, atagonga kijiko kwenye kikombe. Ukianza kumwonyesha "hii inafanyiwa hivi" umeharibu.

Mwl. Zuhura: Shanga na vifuniko vya soda je? Vipo vingi.

Mleta somo: Hapana kabisa. Kinachopita ndani ya lile boksi la duara linalobaki karatasi ya chooni ikiisha kisiingie kikapuni: shanga, vifuniko, sarafu, karanga, kete. Betri zile bapa ndogo za rimoti ndizo hatari kuliko vyote, zinaunguza koo. Na vitu vyote vioshwe kila jioni, kifuu kikipasuka kitupwe siku hiyohiyo.