Kabla hujalipia kozi nyingine ya usalama kazini, tafuta kwanza kinachokukwamisha

Ofisa usalama akikaa cheo kimoja miaka mitatu minne, wazo la kwanza ni kurudi darasani. Wakati mwingine ndiyo dawa yenyewe. Lakini wapo wengi wanaolipia masomo yasiyogusa kabisa kile kinachowazuia, wakahitimu na kurudi pale pale, safari hii na deni juu. Anza kwa kujichunguza. Wikiendi mbili zinatosha, na hakuna ada.

Wikiendi ya kwanza ni ya matangazo ya kazi. Kusanya 20 ya nafasi unayoitaka, si ile uliyonayo, yote ya miezi sita ya karibuni na ya sekta moja. Ukichanganya mgodi wa Geita, kiwanda cha Thika na mkandarasi wa Muscat utapata jibu lisilomfaa mtu. Chora safu nne kwenye daftari: shahada, cheti cha kitaaluma, miaka ya uzoefu, na kazi mahususi kama kusimamia vibali vya kuanza kazi za hatari (permit to work) au kukagua mfumo wa ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa usalama na afya kazini. Weka alama, ukitenganisha kilichoandikwa "lazima" na kile cha "sifa ya ziada". Sharti la lazima linalojitokeza kwenye matangazo 12 au zaidi, nawe huna, ni pengo la kweli. Likitokea mara tatu, achana nalo. Kisha watafute watu wawili walio kwenye nafasi hiyo, uwaulize waliulizwa nini kwenye usaili. Majibu yao mara nyingi yanazidi tangazo kwa ukweli.

Wikiendi ya pili pima ujuzi wako. Chukua kazi moja iliyofanyika wiki hii kwenu, uandike tathmini ya vihatarishi upya bila kunakili ya zamani. Mfano: fundi anasaga chuma kwa grainda saa tatu kwa siku, na kipimo karibu na sikio lake kinasoma desibeli 97. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2005 zinaweka ukomo wa 90 kwa saa 8. NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, inapendekeza 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa. Kwa hiyo fundi huyu anapita mara sita ya muda unaopendekezwa. Je, umefika hapo mwenyewe? Na umeandika cha kufanya kabla ya kufikiria vizibo vya masikio: kubadilisha diski au njia ya kukata, kuhamisha kazi mbali na wengine, kugawana zamu? Kama ndiyo, elimu si shida yako. Kama uliandika tu "wavae vifaa kinga", hilo ni pengo la ujuzi, na dawa yake si shahada ya miaka miwili. Kozi ya wiki moja ya kupima na kudhibiti vihatarishi vya kiafya kazini, kama W201 ya OHTA, chama cha kimataifa cha mafunzo ya afya kazini, itakupa zaidi kwa fedha kidogo.

Lipo pengo la tatu ambalo darasa haliliponyi. Tuseme ulizuia kibali cha kuingia tangi kwa sababu oksijeni ilisoma asilimia 18, chini ya 19.5 inayotakiwa, na msimamizi akaamuru watu waingie hivyo hivyo. Hapo ulijua kila kitu. Ulichokosa ni mamlaka. Ukiongeza cheti ukabaki kwa mwajiri yule yule, tangi litaingiwa vile vile. Dai kwa maandishi uwezo wa kusimamisha kazi na njia ya kuripoti moja kwa moja kwa meneja mkuu. Ukikataliwa, anza kutafuta pengine, maana siku mtu akifia mle ndani jina lako litakuwa kwenye karatasi.

Pengo la uzoefu nalo hujazwa kazini. Omba kuongoza uchunguzi wa ajali ndogo mbili, au uwe mkaguzi wa ndani. Sheria ya Kenya ya 2007 inataka kila mahali pa kazi pakaguliwe angalau mara moja kila miezi 12 na mshauri aliyesajiliwa. Siku akija, fuatana naye toka geti hadi stoo ya kemikali, ukiandika anachouliza.

Ikibainika kwamba unachokosa ni karatasi, chagua karatasi yenyewe. Kwa miradi ya kimataifa na Ghuba, mara nyingi kichujio cha kwanza ni International General Certificate ya NEBOSH, bodi ya mitihani ya usalama kazini ya Uingereza, yenye mtihani wa IG1 na tathmini ya vitendo ya IG2. Kwa kazi za ndani Tanzania, angalia kwanza kozi za OSHA, mamlaka ya serikali ya usalama na afya kazini, wenyewe. Managing Safely ya IOSH, taasisi ya wanataaluma wa usalama kazini ya Uingereza, ni kozi ya siku chache iliyotengenezwa kwa mameneja na wasimamizi. Ofisa mzoefu asitegemee impandishe cheo. Stashahada ya NEBOSH inamfaa anayetaka kuongoza idara. Uzamili, kama ule wa chuo kikuu cha MUHAS (Tanzania) au JKUAT (Kenya), unalipa ukielekea serikalini, kwenye utafiti au ushauri elekezi. Na kama huna shahada ya kwanza huku matangazo yakiidai, ifuate hiyo. Vyeti vitano vifupi havitaziba nafasi yake.

Kisha piga hesabu yote: ada, mtihani, kurudia mtihani, intaneti, nauli, siku zisizolipwa, na, kama ada ni ya pauni za Uingereza, pauni kupanda kabla hujamaliza awamu za malipo. Tuseme jumla ni shilingi milioni 4.8 za Tanzania, na nafasi unayoilenga inakuongezea laki tatu kwa mwezi baada ya makato. Fedha itarudi kwa miezi 16. Ikizidi miezi 36, subiri au tafuta mfadhili. Mwajiri akilipa, soma kipengele cha kumtumikia: ni miaka mingapi, na je, deni linapungua kadiri unavyokaa?

Anayekuuzia "cheti bila mtihani" anakuuzia karatasi bandia. Hakiki kituo kwenye orodha iliyo kwenye tovuti ya NEBOSH, na shahada ya nje iulizie kwa tume ya vyuo vikuu, TCU ya Tanzania au CUE ya Kenya, kabla ya kulipa, si baada. Wengi huanguka IG1 kwa kumwaga nadharia bila kugusa kisa walichopewa. Jipangie saa kumi kwa wiki, na usiweke mtihani mwezi ambao kiwanda kinasimama kwa matengenezo makubwa.

Mwombe mwajiri ruhusa kwa barua kabla bajeti haijafungwa. Taja tarehe za mtihani, siku unazohitaji, na sehemu ya kiwanda utakayoitumia kwa tathmini yako ya IG2, ili naye apate kazi hiyo bure.