Jinsi ya kusoma karatasi ya vipimo vya homa ya ini B

Karatasi ya homa ya ini B mara nyingi husomwa mstari mmoja tu, HBsAg (protini ya ganda la virusi) pozitivu, kisha ikakunjwa na kutiwa mfukoni. Mstari huo unakwambia virusi vimo mwilini. Haukwambii kinga ya mwili inavifanyia nini, na hapo ndipo ini linapopona au linapoumia. Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyepimwa hapa Mombasa na anayejiandaa kumwona daktari.

Jambo la kushika kwanza: virusi vya B vyenyewe haviui seli ya ini. Huingia, huweka jeni zao ndani ya kiini cha seli na kuziacha humo, huzaliana, na seli huendelea na kazi yake. Anayeiua seli ni kinga yako mwenyewe, hasa seli T za aina ya CD8, askari wa kinga wanaoua seli zilizoambukizwa. Kila seli ya ini hukata protini zilizomo ndani yake vipande vifupi, aghalabu vya asidi amino 8 hadi 10, na kuvionyesha nje juu ya molekuli za HLA, vibao vya maonyesho vya seli. Seli T ikipita na kukuta kipande cha virusi, ama huitoboa seli ile ife, ama hutoa interferoni gama, ambayo hukandamiza virusi na kuiacha seli hai. Seli ikifa, kimeng'enya cha ALT humwagika kwenye damu. Kwa hivyo ALT inayopanda ni alama ya kinga inayofanya kazi, na gharama ya kazi hiyo inalipwa na ini.

Seli T inayoonyeshwa kipande kile kile miezi nenda miezi rudi huchoka. Juu yake huota vizuizi kama PD-1, na uwezo wake huondoka kwa zamu: kwanza hushindwa kuongezeka na kutoa interleukini 2, kisha TNF (zote mbili kemikali za kinga), mwisho interferoni gama yenyewe. Umri wa kuambukizwa nao una uzito mkubwa. Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, karibu 90 hubaki na virusi. Kwa watu wazima hawafiki 5.

Panga karatasi kwa tarehe

Karatasi moja haitoshi. HBsAg lazima ikae pozitivu zaidi ya miezi 6 ndipo maambukizi yaitwe ya kudumu. Na kama ulichanjwa ndani ya wiki 3 zilizopita, mwambie mtu wa maabara, maana protini ya chanjo yenyewe yaweza kuonekana kwenye kipimo. Vidonge vya biotini vya nywele na kucha navyo huvuruga mashine kadhaa za vipimo hivi. Taja kama unavitumia kabla hujatolewa damu.

Sasa soma mistari 3 kwa pamoja. HBsAg pozitivu na anti-HBc (kingamwili dhidi ya sehemu ya ndani ya virusi) pozitivu, bila anti-HBs (kingamwili dhidi ya ganda la virusi), ni maambukizi yaliyopo sasa. HBsAg negativu huku anti-HBc na anti-HBs zote pozitivu: kinga imevidhibiti virusi. Usiseme vimekwisha, kwa sababu jeni zile zingali ndani ya seli za ini na seli T ndizo zinazozizuia. Mtu huyu akipewa dawa za saratani, rituksimabu (dawa inayopunguza kinga) au steroidi nyingi bila daktari kujua, virusi vyaweza kuamka. Anti-HBs peke yake, kuanzia 10 mIU/mL, ni kinga ya chanjo. Anti-HBc peke yake ni jibu la kurudia kipimo. Zote 3 zikiwa negativu, huna virusi wala huna kinga, nenda ukachanjwe.

IgM ya anti-HBc, yaani kingamwili za awali, watu wengi huichukulia kuwa uthibitisho wa maambukizi mapya. Kwa kawaida ni hivyo, ila huweza pia kuonekana maambukizi ya zamani yanapolipuka upya.

ALT na wingi wa virusi husomwa pamoja

Hapa ndipo watu wanapopotea. Kijana wa miaka 20 mwenye HBeAg pozitivu (protini inayoashiria virusi vinazaliana kwa wingi), virusi mamilioni kwa mamilioni na ALT ya kawaida huambiwa yuko hatarini leo. Kumbe kinga yake kwa sasa inaviacha tu, na ini huenda halijaguswa. Wa miaka 45 mwenye virusi 30,000 IU/mL (vizio vya kimataifa kwa mililita) na ALT ya 70 ana virusi vichache zaidi na hali mbaya zaidi. Mwongozo wa WHO wa 2024 unapendekeza dawa kwa mtu mzima mwenye virusi zaidi ya 2,000 IU/mL pamoja na ALT iliyopita kikomo, ambacho ni 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Maabara nyingi huchapa kikomo cha 40 au zaidi, kwa hivyo usitegemee alama ya "H" pembeni ya namba, ya kuonyesha imezidi. Mwenye kovu kwenye ini, VVU, kisukari au ndugu wa karibu aliyeugua saratani ya ini huweza kuanzishwa dawa hata bila namba hizo.

Angalia kizio. Uliza moja kwa moja: "Dada, wingi wa virusi mwatoa kwa IU ama kwa kopi?" 2,000 IU ni takriban kopi 10,000, na asiyeuliza atadhani virusi vimeongezeka mara 5 kwa kubadilisha maabara tu. Uliza pia damu itatenganishwa wapi, yaani chembe zitolewe na maji ya damu yabaki. Damu ya chupa ya kifuniko cha zambarau ikisafirishwa bila kutenganishwa, ikakaa ndani ya gari kwenye foleni ya feri ya Likoni joto la Machi, jibu lake huenda lisiaminike.

Kovu hukadiriwa kwa APRI, hesabu ya bei rahisi: gawa AST yako (kimeng'enya kingine cha ini, kilichomo pia kwenye misuli) kwa kikomo cha AST cha maabara, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa plateleti, chembe za kugandisha damu (PLT). AST 48, kikomo 40, plateleti 200: 1.2 mara 100, gawa kwa 200, ni 0.6. Zaidi ya 0.5 huashiria kovu la maana. Zaidi ya 1 huashiria ini lililokakamaa.

Lakini Mombasa hesabu hii ina mtego. Dengi, iliyolipuka mjini humu 2013 na tena 2017, hupandisha AST na kushusha plateleti. Malaria nayo hushusha plateleti. Mtu yule yule akipimwa katikati ya dengi, AST 90 na plateleti 80, atapata 2.8 na kuambiwa ini limekwisha. Baada ya homa yoyote kubwa, ngoja mwezi ndipo upime. Kazi nzito nayo hupandisha AST kutoka kwenye misuli, kwa hivyo mchukuzi wa soko la Kongowea na apimwe baada ya siku chache za mapumziko. Damu iliyovutwa kwa nguvu hadi chembe nyekundu zikapasuka huleta kosa hilo hilo. Miraa, muguka na mitishamba ya ini vitaje bila haya, kwani vyaweza kupandisha ALT vyenyewe. Na mahindi yaliyoota ukungu yatupwe: sumukuvu, sumu ya ukungu huo, ikikutana na virusi vya B huzidisha sana hatari ya saratani ya ini.

Ukiandikiwa dawa

Kwa kawaida ni tenofoviri 300 mg mara moja kwa siku, au entekaviri 0.5 mg. Kabla ya kumeza ya kwanza hakikisha umepimwa VVU na kreatinini (kipimo cha figo). VVU visivyojulikana vikikutana na mojawapo ya dawa hizi peke yake huweza kujenga usugu, na tenofoviri hupitia kwenye figo. Dawa huzuia virusi kuzaliana, ila haifiki jeni zilizofichwa kwenye kiini. Ukiacha kwa sababu "virusi havionekani", vitarudi kwa kasi, seli T zilizopata nafuu zitavivamia, na ALT yaweza kuruka mara 10 au zaidi. Wapo waliokufa kwa ini kushindwa ghafla namna hiyo.

Kisha wapeleke wa nyumbani wakapimwe. Chanjo ya watoto ya wiki 6, 10 na 14 iliingia Kenya mwishoni mwa 2001, basi waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawana kinga. Mtu mzima huchomwa mara 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6, anayeishi na mwenye virusi apime anti-HBs mwezi 1 hadi 2 baada ya sindano ya mwisho. Mjamzito mwenye virusi 200,000 IU/mL au zaidi huanzishwa tenofoviri kabla ya kujifungua, na mtoto achomwe chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Liulizieni hilo kliniki mapema, kabla uchungu haujaanza.