Kabla Kijana Mwenye Ulemavu Kijijini Hajatimiza Miaka 18

Anzeni mapema kumwandaa kijana wenu kwa utu uzima, akiwa na miaka 14 hivi. Cheti cha kuzaliwa na ripoti za daktari viwekwe pamoja, na nakala zake zikae kwa ndugu mwingine. Mwulizeni yeye mwenyewe anataka kuishi vipi: Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inamtambua kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, kwa hiyo acheni kumsemea. Kiti cha magurudumu kijaribiwe kwenye njia ya nyumbani kwenu, wala si kwenye vigae vya ofisini, maana magurudumu membamba ya mbele huzama mchangani.

Suala la matibabu ndilo lililotuumiza sisi. Mdogo wangu ana kifafa, na tangu utotoni alihudhuria kliniki ya watoto. Alipofika na miaka 18, muuguzi aliigeuza kadi yake mara mbili, akasema sasa aende kwa watu wazima, wala hakuandika barua yoyote. Huko kwa watu wazima hawakumpokea bila barua ya rufaa, na gari la kurudi kijijini lilikuwa linaondoka. Tulirudi na vidonge vya siku nne. Mama akawa anavikata nusu kwa kisu cha jikoni ili vifike siku nane, nasi sote tukaona ni busara. Usiku wa sita kifafa kilimshika, kikaachia, kikamshika tena kabla hajapata fahamu. Hatukujua kwamba dawa hizo zikipunguzwa ghafla zinaweza kuleta hali hiyo, wala kwamba mshtuko wa kifafa unaozidi dakika 5 ni dharura.

Basi miezi sita kabla hajatimiza miaka 18, daini barua ya rufaa yenye majina ya dawa, kiasi cha kila dozi na tarehe ya mshtuko wa mwisho. Ulizeni kliniki mpya hupokea wagonjwa siku gani, na msiiache ya zamani bila akiba ya dawa. Msichana anayetumia valproeti, mojawapo ya dawa za kifafa, azungumze na daktari mapema, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Mengine ni tahadhari tu. Anayejitolea kumshikia fedha zake aulizwe maswali, na anayemwahidi kazi mjini aeleze kijana atalala wapi, choo kikoje, na ni nani atakayemrudisha akiugua.