Umefunga uzazi? Pikipiki ingoje kwanza

Naendesha boda hapa Busia, upande wa Uganda. Tangu wenzangu wa stejini wajue kwamba nilifunga uzazi, hunivuta pembeni mmoja mmoja, na swali la kwanza ni lile lile: je, bado inasimama? Inasimama, ndugu yangu. Kinachokatwa ni mirija miwili myembamba inayopitisha mbegu. Korodani zinaendelea kutoa homoni za kiume, na mbegu zisizotoka hufyonzwa na mwili.

Siku yenyewe nenda na chupi ya kubana. Sindano ya ganzi inachoma kidogo, kisha utahisi kuvutwavutwa tu, na kwa kawaida nusu saa haiishi. Kurudi nyumbani panda taksi. Najua nawanyima wenzangu abiria, lakini barabara zetu na mashimo yake si za korodani mbichi.

Ganzi ikiisha, yanakuja maumivu mazito, kama ya aliyepigwa mpira pale jana yake. Lala chali. Kama huna friji, nunua barafu kwa wauza samaki, itie kwenye kavera (mfuko wa plastiki), izungushie taulo, uweke dakika 20 kisha utoe. Rudia hivyo siku mbili za kwanza. Parasetamoli inatosha, aspirini iache, huzidisha kutoka damu. Ngozi inaweza kuwa nyeusi-bluu, halafu manjano. Inatisha kuitazama, ila hupita yenyewe, na kijivimbe kigumu pale palipokatwa ni cha kawaida. Ukipata homa, usaha, damu isiyokoma, uvimbe unaokua au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Wachache maumivu huwakalia kwa miezi. Nao warudi wakaonwe.

Wa ofisini hurudi kazini baada ya siku mbili tatu. Sisi wa boda, na wale wanaobeba magunia mpakani, tuhesabu wiki nzima, kwa hiyo weka akiba mapema, maana mwenye pikipiki atataka pesa yake.

Tendo la ndoa nalo lingoje kama wiki. Mara za mwanzo shahawa zinaweza kuwa na damu, usishtuke. Wingi wake utauona ule ule, kwa kuwa mbegu ni chini ya asilimia 5 tu.

Hapa ndipo wanaume wanapoteleza: bado unaweza kutia mimba! Kuna mbegu zilizokwisha kupita pale palipokatwa. Tumieni kondomu, au mama watoto aendelee na njia yake, kwa miezi 3 hivi na hadi umwage kama mara 20, kisha ukapimwe shahawa kuona kama mbegu zimekwisha. Asiyepima, mke akishika mimba, anaanza kumtafuta mwizi mtaani na mwizi ni yeye mwenyewe. Hata baada ya kipimo kizuri, mmoja kati ya 2,000 hivi huweza kutia mimba. Na Ukimwi haujali mirija iliyofungwa. Huko kondomu inabaki.

Kabla ya kupasuliwa, uliza kipimo hicho hufanyiwa wapi na ni shilingi ngapi, kwani si kila kituo kina maabara yake. Sampuli ikitoka nyumbani, ibebe karibu na mwili isipoe, na ifike ndani ya saa moja.