Kuchambua ishara na maadili katika Lord of the Flies: fuata kitu, usikipachike jina

Muulize mwanafunzi yeyote gamba la kome linawakilisha nini katika Lord of the Flies, atakujibu kabla hujamaliza swali: demokrasia. Miwani? Sayansi. Moto? Matumaini. Kichwa cha nguruwe? Shetani. Majibu haya yamejaa kwenye kila muhtasari, na si ya uongo. Shida ni kwamba ukishayaandika huna la kuongeza, na insha inakufia ukurasa wa kwanza. Darasani nafundisha njia nyingine: kifuate kitu kinavyopita mikononi mwa watu, uone maana yake inavyobadilika njiani. Hapa naionyesha kwa riwaya hii ya William Golding iliyotoka mwaka 1954.

Hatua ya 1: Soma mara ya kwanza bila kalamu

Sura ni 12 tu. Wavulana wa Kiingereza wanahamishwa wakati wa vita, ndege yao inaanguka kisiwani, hakuna mtu mzima aliyebaki. Isome kama hadithi. Ukianza kuwinda ishara mapema, Piggy, yule mvulana mnene mwenye miwani, atakuwa kibao tu chenye maandishi, na akifa hutashtuka. Asiyeshtuka hapo atapata taabu kuandika lolote la maana kuhusu maadili ya kitabu hiki.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja, kipe ukurasa wake

Piga mistari daftarini upate safu nne: sura, nani anacho, anakifanyia nini, kina hali gani. Safu ya maana usiweke kabisa. Tuanze na gamba.

Sura ya 1: Piggy ndiye anayejua kwamba linapulizwa, na namna ya kulipuliza, lakini anayelipuliza ni Ralph. Wenzao wanakusanyika, na Ralph anachaguliwa kuwa mkuu, kwa sehemu kubwa kwa sababu ndiye aliyekaa nalo mkononi. Sura ya 2: inawekwa kanuni kwamba aliyelishika ndiye anayesema. Anayeshangilia sheria kwa sauti kubwa kuliko wote ni Jack, kiongozi wa wawindaji na mpinzani wa Ralph. Andika hilo kwa wino mwekundu.

Sura hiyohiyo, juu ya mlima, Piggy analo mkononi na anataka kusema. Jack anamnyamazisha: huku mlimani gamba halihesabiki. Sura ya 5: jua na hewa vimelichuja, rangi yake ya waridi na manjano imekaribia kuwa nyeupe. Sura ya 8: Jack mwenyewe analipuliza, tena vibaya, aitishe mkutano wa kumng'oa Ralph, kura hazipati, anaondoka akilia. Sura ya 9: upande huu wa kisiwa, anasema, gamba halina kazi. Sura ya 10: wavamizi wa kundi la Jack wanakuja usiku, na Piggy anadhani wamelifuata gamba. Hawakuligusa. Walitaka miwani ya Piggy, ya kuwashia moto. Sura ya 11: jiwe linamgonga Piggy na gamba linasambaratika.

Hatua ya 3: Tafuta mahali lilipoanza kuvunjika kwa kweli

Sasa soma safu zako kutoka juu hadi chini. Wengi hurukia sura ya 11 kwa sababu ndiko kwenye kishindo. Lakini daftari linakuonyesha kwamba sheria ilianza kutoboka siku ileile ilipotungwa, pale mlimani, na aliyeitoboa ni yule aliyeishangilia. Wala hakuna aliyemtetea Piggy kwa nguvu. Ralph naye yumo.

Sura ya 10 ndiyo inayoniuma zaidi. Wezi wamepita na kuliacha gamba palepale kwenye kiti cha mkuu. Kitu kinachoachwa na wezi hakina tena thamani kwao. Msomaji wa pwani huenda akakumbuka siwa za Lamu na Pate, zile pembe za utawala. Ila nyuma ya siwa kulikuwa na ukoo na mji mzima. Nyuma ya gamba hili kuna makubaliano ya watoto, basi.

(Ukiifungulia ukurasa miwani, kuna jambo litakukwaza. Piggy haoni mbali, na lenzi za mtu wa namna hiyo hutawanya mwanga badala ya kuukusanya, kwa hiyo haziwezi kuwasha moto. Ni kosa la Golding na linajulikana sana. Usilipotezee aya ya mtihani.)

Hatua ya 4: Toka kwenye kitu, ingia kwenye tendo

Maadili ya riwaya yamo zaidi katika yale ambayo mikono inafanya. Mchukue Roger, mvulana wa kundi la Jack. Sura ya 4 anamrushia mawe mtoto mdogo, Henry, anayecheza ufukweni, lakini analenga pembeni makusudi. Kumzunguka mtoto kuna eneo la kama yadi sita ambalo Roger hathubutu kulirushia. Mkono wake unazuiwa na wazazi, shule, polisi na sheria, vyote viko mbali, na ustaarabu uliovizaa unabomoka kwa vita.

Halafu fungua sura ya 11. Ni Roger huyohuyo, juu ya mwamba, kwenye gogo lililochomekwa chini ya jiwe kubwa. Anaegemea kwa uzito wake wote. Weka matukio haya mawili ubavuni kwa ubavu na ujiulize zile yadi sita zimekwenda wapi. Hakuna siku moja iliyotajwa kwamba Roger aliamua kuwa muuaji. Alipima tu, mara kwa mara, akaona hakuna anayemshika mkono.

Hatua ya 5: Sikiliza wanavyojitetea

Usiwaachie Jack na Roger dhambi zote. Baada ya mvulana mwenzao, Simon, kuuawa na wavulana katika ngoma ya sura ya 9, Ralph na Piggy wanakaa pamoja. Ralph analitaja jambo kwa jina lake: mauaji. Piggy hataki. Ilikuwa ajali, kulikuwa giza, tulikuwa nje ya duara, hatukuona kitu. Piggy, mwenye akili kuliko wote! Na anapomwambia Ralph aitishe mkutano kwa gamba, Ralph anacheka. Kwangu mimi kicheko hicho kinasema mengi kuliko kichwa cha nguruwe na nzi wake wote.

Hatua ya 6: Muktadha, kwa kipimo

Golding alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana Salisbury, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Mwaka 1944 aliongoza chombo cha kurusha roketi kwenye uvamizi wa Normandy. Alikuwa pia anakijibu kitabu cha mwandishi R. M. Ballantyne cha 1857, The Coral Island, ambamo wavulana wa Kiingereza kisiwani wanabaki waungwana na ubaya unatoka nje, kwa wala watu na maharamia. Majina Ralph na Jack yametoka humo. Golding akauhamishia ubaya ndani.

Sentensi mbili za namna hii zinatosha. Ongeza ya tatu ukiwa jasiri: kitabu kinakejeli majivuno ya Jack kwamba Waingereza ndio bora kwa kila kitu, lakini kinapotaka kuonyesha kuanguka kwao kinawapaka rangi usoni, kinawapa mikuki na kuwaita washenzi. Msomaji wa Afrika ana haki ya kuuliza picha hiyo imetoka wapi. Ubaya uliomtisha Golding ulivaa sare na ulikuwa na mizinga.

Hatua ya 7: Andika hoja inayosogea

Sentensi dhaifu: «Gamba linawakilisha demokrasia.» Sentensi yenye kazi: «Gamba lina nguvu pale tu wenye misuli wanapokubali kuliheshimu, na Golding anaonyesha makubaliano hayo yakitoboka tangu sura ya 2, kwa mkono wa yule aliyedai sheria.» Ya pili inakudai ushahidi, na tayari umeshaupanga daftarini.

Kwa zoezi, chukua moto. Moto wa kwanza, sura ya 2, unaponyoka na mtoto mmoja mdogo mwenye alama usoni haonekani tena. Wa sura ya 4 umezimika kwa sababu walinzi wamekwenda kuwinda, na meli inapita. Wa sura ya 12 umewashwa na Jack ili kumfukuza Ralph mafichoni auawe, na ndio unaoleta waokoaji. Jaza safu zote nne. Ukikwama kwenye moto wa mwisho, angalia meli iliyouona ni ya aina gani, na yule ofisa aliyeshuka ufukweni amevaa nini kiunoni.